Kompyuta Mpya Haileti Picha: Shajara ya Mradi, Chake Chake

Mashine hii inaundwa kwa ajili ya duka la picha na uchapaji hapa Chake Chake, Pemba: kuhariri picha za harusi na za pasipoti, kupanga kadi za mialiko, na kutuma kazi kwenye printa bila kukwama. Kufunga vipande ni kazi ya asubuhi moja na video za kuonyesha namna yake zimejaa tele. Kinachokosekana kwa Kiswahili ni cha kufanya pale unapobonyeza swichi na skrini ikabaki nyeusi, na hapo ndipo shajara hii inapokaa zaidi.

Kanuni ni moja: hakinunuliwi kipuri mpaka kipimo kiseme kinahitajika. Aliyeko Kariakoo akitaka kubadilisha kipande ili ajaribu bahati, anavuka barabara tu. Huku kwetu kipuri kinapanda boti Dar es Salaam, kinashuka Unguja, kinapanda tena hadi Mkoani, kisha kinatafutiwa gari ya Chake. Ukiagiza kisichohusika, pesa imekwenda na wiki imekwenda.

Jumamosi, 1 Februari 2025: Vipande na kufunga

Prosesa ni AMD Ryzen 5 5600, mpya, na kipoza chake (390,000/=). Bodi mama ni ya chipu ya B450, saizi kamili ya ATX, ya mtumba lakini safi (235,000/=). RAM ni DDR4 mbili za GB 8, za mtumba (90,000/=). Kadi ya picha ni GTX 1650 ya GB 4, iliyotumika (320,000/=). Diski ni NVMe ya GB 500 (130,000/=). Pawa saplai ni ya wati 550, mpya (190,000/=). Kasha ni la mtumba (60,000/=). Jumla 1,415,000/=.

Kitu kimoja kilichaguliwa kwa makusudi na kitaonekana faida yake huko mbele: bodi yenye kitufe nyuma cha kuandika BIOS (programu ndogo ndani ya bodi inayoiwasha mashine) bila prosesa, na taa nne ndogo za kuonyesha imekwama wapi, zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (kuanza mfumo). Baina ya bodi mbili za bei moja, moja ina hivi na nyengine ina taa za rangi za mapambo, chukua yenye hivi.

Ufungaji ulikwenda kama kawaida. Prosesa ya AM4 (jina la soketi ya bodi hii) ina pini 1331 upande wa chini na inaingia kwa uzito wake wenyewe. Ukihisi unaisukuma, simama, umeigeuza vibaya.

Matokeo ya kuwasha: feni zinaruka robo mzunguko, zinasimama. Taa hazipati hata nafasi ya kuwaka. Swichi ya mbele haitikii tena mpaka waya wa umeme uchomolewe ukutani.

Jumapili, 2 Februari: Umeme, kuanzia ukutani

Dalili ya kuruka na kuzima ina maana mbili kubwa: ama pawa saplai ni mbovu, ama ni nzima na inajilinda kwa sababu mbele yake kuna shoti. Kabla ya yote hayo, soketi ya ukutani.

Pemba inaletewa umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na nyaya za ndani ya nyumba nyingi ni za zamani kuliko hapo. Kwa hiyo kinachopimwa si volti tu. Multimita ikiwekwa kwenye AC, moto kwa nyutro ilisoma 228. Moto kwa athi 226. Nyutro kwa athi 2. Hapo ni salama. Kwenye ekstensheni iliyokuwa ikitumika, moto kwa athi ilisoma volti chache tu zisizotulia: waya wa athi umekatika ndani. Ekstensheni hiyo imetolewa kazini. Pasipo athi, kichujio cha ndani ya pawa saplai hupeleka karibu nusu ya volti za ukutani kwenye bati la kasha, ndiyo ule umeme mdogo unaochezacheza mkononi ukigusa kompyuta pekupeku. Wengi wameuzoea. Si wa kuzoea, maana kebo ya skrini au ya printa ikichomekwa huku bati lina umeme huo, tundu la HDMI au USB ndilo linaloungua.

Angalia pia nyuma ya pawa saplai kama kuna swichi nyekundu ya 115/230. Yetu haina, inapokea 100 mpaka 240 yenyewe. Yenye swichi ikikutwa kwenye 115 na ikachomekwa huku kwetu, hulia mara moja tu, basi.

Halafu pawa saplai peke yake, nje ya kasha. Plagi kubwa ya pini 24: waya wa kijani ni wa kuwashia, na waya wowote mweusi ni wa chini (graundi). Kipande cha waya baina ya hivyo viwili na pawa saplai inawaka bila bodi. Kama nyaya zote ni nyeusi, hesabu: kibano cha plagi kikiwa juu na matundu yakikutazama, waya wa kuwashia ni wa nne kutoka kushoto katika safu ya juu. Ikiwa huna hakika, usibahatishe. Tafuta mchoro wa plagi hiyo kwanza.

Vipimo, kukiwa na diski kuu ya zamani imechomekwa ili kuwe na mzigo kidogo:

Njano 12.08 (inakubalika 11.40 hadi 12.60). Nyekundu 5.03 (4.75 hadi 5.25). Chungwa 3.32 (3.14 hadi 3.47). Zambarau, ambayo huwa na umeme hata kompyuta ikiwa imezimwa, 5.05. Kijivu, waya wa kuambia bodi kwamba umeme umetulia, 5.0.

Kujaribu bila mzigo, kama wanavyofanya wengi, kunathibitisha feni inazunguka na hakuna zaidi. Hata hii diski moja ni mzigo mdogo, lakini ilitosha kuondoa shaka ya kwanza. Pawa saplai ni nzima, kwa hiyo kuna shoti.

Jumanne, 4 Februari: Kiguu cha shaba

Multimita kwenye omu, umeme umechomolewa, bodi ingali ndani ya kasha. Kwenye tundu la pini 24 la bodi, baina ya njia ya volti 12 na ya chini: sifuri na ushei. Hiyo ni shoti kamili. Bodi ikafunguliwa skrubu, ikatolewa, ikawekwa juu ya boksi lake la karatasi (si juu ya mfuko wake wa kijivu, mfuko ule upande wa nje hupitisha umeme). Kipimo kilekile: omu elfu na zaidi, na inapanda. Shoti ilibaki ndani ya kasha.

Sababu ni hii. Bodi hukaa juu ya viguu vidogo vya shaba vilivyofungwa kwenye bati, kila kiguu chini ya tundu la skrubu. Bodi ya ATX ina matundu tisa. Kasha lina viguu kumi. Kasha hili lilikuwa na bodi ndogo ya micro-ATX, ambayo mstari wake wa chini wa matundu hauko pahala pamoja na wa ATX. Kiguu kimoja cha mstari huo kilisalia. Bodi kubwa ilipolazwa, kiguu hicho hakikukuta tundu, kikakuta ncha za lehemu za soketi ya kadi. Nyuma ya bodi kumebaki alama: mviringo unaong'aa wa upana wa punje ya choroko, na ncha mbili za lehemu zimebapa ndani yake.

Ncha zilikaguliwa kwa kioo cha kukuzia; hazikugusana zenyewe kwa zenyewe, hazikung'oka. Kiguu kikatolewa kwa koleo. Gharama: hakuna.

Kwa mwenye kasha la mtumba: kabla ya bodi kuingia, iweke juu ya karatasi, chora matundu yake kwa penseli, kisha weka karatasi juu ya viguu. Kiguu kisichokuwa na mduara wake kinatoka. Kazi ya dakika tano, na ingeokoa hatua mbili zilizopita zote.

Bodi imeachwa nje juu ya boksi kwa hatua zinazofuata. Hairudi kwenye kasha mpaka ilete picha.

Jumamosi, 8 Februari: Taa ya CPU

Sasa feni zinazunguka na kuendelea. Taa ya CPU inawaka nyekundu na kubaki. Skrini nyeusi.

Vilivyobaki kwenye bodi ni prosesa na kipoza chake, RAM moja, kadi ya picha, na pawa saplai. Diski imetolewa, USB zote zimetolewa, nyaya za mbele za kasha zimetolewa. Kuwasha ni kwa kugusisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Kadiri vitu vinavyopungua ndivyo jibu linavyokaribia.

Spika ndogo ya bodi (3,000/=) ilichomekwa, kisha RAM zote zikatolewa kwa makusudi. Bodi yenye prosesa inayofanya kazi, ikikosa RAM, hulalamika kwa mlio. Hii ilinyamaza kimya. Ukimya huo una thamani kubwa: maana yake prosesa haijaanza hata kusoma BIOS, kwa hiyo kuhangaika na RAM au kadi wakati huu ni kazi bure.

Wakushukiwa wakabaki wanne, na walipimwa kwa mpangilio wa urahisi.

Plagi ya umeme wa prosesa, ile ya pini 8 juu kushoto ya bodi: ipo, imeingia mpaka kibano, na kwa nyuma waya wa njano unasoma 12.05. Hii plagi inafanana na ile ya kadi ya picha na watu huzibadilisha kwa nguvu. Ya prosesa hugawika nne kwa nne. Ya kadi hugawika sita na mbili. Njano na nyeusi zimekaa kinyume baina ya hizo mbili, kwa hiyo ikilazimishwa inaunguza.

Betri ya CR2032: volti 2.6 badala ya 3. Ilibadilishwa (3,000/=) na mipangilio ya BIOS ikafutwa kwa kugusisha pini zake huku umeme umechomolewa. Picha haikuja, lakini betri ilikuwa ya kubadilishwa tu, maana saa ingepotea kila umeme ukikatika.

Pini za prosesa: ilitolewa. Kipoza huzungushwa kidogo kulia na kushoto kabla ya kunyanyuliwa, la sivyo hung'oa prosesa kutoka kwenye soketi yake na kupinda pini. Pini zikatazamwa kwa kamera ya simu, tochi ikilazwa ubavuni ili kivuli kionyeshe iliyoinama. Zote zimesimama. Pesti ya zamani ya kupitisha joto ilifutwa na mpya ikawekwa (8,000/=), tone la ukubwa wa punje ya choroko halifai; kiasi cha punje ya mbaazi katikati kinatosha.

Akabaki wa nne: toleo la BIOS. Chipu za B450 zilitoka 2018. Prosesa za Ryzen 5000 zilianza kutoka Novemba 2020, na Ryzen 5 5600 hii yenyewe ni ya Aprili 2022. Bodi iliyotoka kiwandani kabla ya hapo haiijui prosesa hii, na BIOS yake isipoijua haiwashi kitu. Kwenye bodi kuna kibandiko kidogo chenye namba ya toleo. Linganisha na orodha ya prosesa kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa bodi yako, safu inayosema kuanzia toleo lipi. Ya kwetu ni ya 2019. Hapo hapakuhitajika tena kubashiri.

Jumapili, 9 Februari: Kuandika BIOS bila prosesa

Hatua hii ndiyo iliyokula muda, si kwa ugumu bali kwa mambo madogo ambayo maelekezo huyapita.

Faili lilipakuliwa kwa simu (bando 3,000/=), likafunguliwa kutoka kwenye zip, likapewa jina ambalo bodi inalitaka. Kila mtengenezaji ana lake: MSI hutaka MSI.ROM, Gigabyte hutaka GIGABYTE.BIN, ASRock hutaka CREATIVE.ROM, na ASUS hutoa programu ndogo ndani ya zip ya kubadilishia jina. Hakikisha jina la bodi ni lenyewe herufi kwa herufi, pamoja na namba ya toleo la bodi kama ipo. Neno moja la nyongeza mwishoni mwa jina ni bodi nyengine na BIOS nyengine.

Jaribio la kwanza lilishindwa: taa ya kitufe ilimetameta mara chache ikatulia, yaani imelitafuta faili haikulipata. Flashi ilikuwa ya GB 64 na ya exFAT (namna mojawapo ya kupanga mafaili). Kitufe hiki kinasoma FAT32 peke yake, na Windows kwa kawaida haikupi FAT32 kwenye flashi inayozidi GB 32. Ilinunuliwa ya GB 8, ya USB 2.0 (12,000/=), ikafomatiwa FAT32.

Jaribio lililofuata lilishindwa vilevile. Windows kwa kawaida huficha mkia wa jina la faili la aina inayoijua, kwa hiyo faili lililoandikwa MSI.ROM kwa mkono lilikuwa MSI.ROM.ROM kwa hakika. Washa uonyeshaji wa mikia ya majina kabla ya kubadilisha chochote. Kosa hili linawakumba watu wengi mno na bodi haina namna ya kukwambia.

Baada ya hapo taa ilimetameta mfululizo kwa karibu dakika tano, ikazima. Wakati huo bodi ilikuwa na plagi ya pini 24 na ya pini 8 tu, flashi ikiwa kwenye tundu lililozungushiwa alama nyuma, na pawa saplai imechomekwa kwenye UPS (kifaa chenye betri ya akiba). Usiandike BIOS moja kwa moja kutoka ukutani. Umeme ukikatika katikati, bodi isiyo na kitufe hiki huwa ni ya kupelekwa kwa fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu yenyewe.

Asiye na kitufe afanyeje? Aazime prosesa ya zamani ya AM4 ambayo BIOS iliyopo inaijua, mfano Ryzen 3 2200G, awashe nayo, aandike BIOS mpya kutoka kwenye menyu, kisha arudishe yake. Au amwambie muuzaji wa Dar aiandike kabla bodi haijapakiwa botini. Hilo la pili ni bora kuliko yote na aghalabu hawakatai, ila lazima uliombe; halifanywi lenyewe.

Prosesa ikarudishwa. Taa ya CPU ikawaka, ikazima. Ikawaka ya DRAM.

Tangu hapo kwa vile BIOS imebadilika, washa ya kwanza huchukua muda zaidi kuliko kawaida. Kwenye mashine mpya za AM5 na RAM ya DDR5 muda huo unaweza kufika dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi, bodi ikijizoeza na RAM. Wako wanaozima katikati, ikaanza upya, wakazima tena, wakarudisha mashine dukani ikiwa nzima. Iache dakika kumi kabla ya kuihukumu.

Jumamosi, 15 Februari: Taa ya DRAM

RAM mbili hukaa kwenye soketi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Ikiwa moja, ni ya pili. Zilikuwa hapo. Zilisukumwa tena mpaka kibano kikalia; bodi ya nje ya kasha hujikunja kidogo ukisukuma, kwa hiyo weka kiganja chini yake. Taa ikabaki.

Moja moja basi. RAM ya kwanza kwenye soketi ya pili: taa ya DRAM inazima. Ya pili kwenye soketi ileile: inabaki. Ya kwanza kwenye soketi ya nne: inazima. Soketi ni nzima, RAM ya pili ndiyo yenye neno.

Ikitazamwa kwa mwanga wa jua, meno yake ya dhahabu yana ukungu, na upande mmoja kuna madoa ya kijani kibichi kwenye mizizi ya meno. Hii ni kazi ya unyevu na chumvi ya bahari. RAM iliyokaa nje ya mashine kwenye droo, hapa kisiwani, masika mbili zinatosha kuipaka hivyo. Haina maana imekufa.

Dawa: kifutio cheupe cha penseli (500/=), meno yakisuguliwa kwa urefu wake, kutoka ndani kwenda ukingoni, taratibu, mpaka dhahabu ing'ae. Usitumie msasa wala kifutio cha wino. Dhahabu ni utando mwembamba sana na ikitoka, shaba ya chini huliwa upesi zaidi. Makombo yakaondolewa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 (10,000/=) na brashi laini. Spiriti ya dukani ya kawaida ina maji na rangi, iache. Soketi nayo ikapulizwa, si kwa mdomo, kwa sababu mate ni unyevu mwengine.

RAM ya pili ikakubali. Zote mbili pamoja, taa ya DRAM inazima.

Jumapili, 16 Februari: Taa zote sawa, skrini bado

Taa ya VGA iliwaka mara moja na kuzima. Iliyobaki inawaka ni ya BOOT. Hiyo ni habari njema: bodi imekwisha kujikagua, inatafuta diski yenye mfumo, na hakuna kwa sababu diski imetolewa. Kibodi ikachomekwa na Num Lock ikabonyezwa. Taa yake inawaka na kuzima. Mashine iko hai kabisa. Tatizo sasa liko baina ya kadi na skrini, na hapo hapana haja ya kugusa bodi tena.

La kwanza, waya wa picha hauchomekwi kwenye tundu la HDMI la bodi. Ryzen 5 5600 haina sehemu ya picha ndani yake. Zenye sehemu hiyo kwa kizazi hiki ni zenye herufi G, kama 5600G. Matundu ya bodi yapo, lakini kwa prosesa hii hayana kitu nyuma yake. Waya unakwenda kwenye kadi.

La pili ni kubwa zaidi kwa huku kwetu. Skrini ya kujaribia ni ya inchi 17, ya tundu la VGA tu, kama zilivyo skrini nyingi zilizojaa maskulini na maofisini. Kadi ina HDMI, DisplayPort na DVI-D. Ilipatikana adapta ya DVI kwenda VGA (7,000/=), na haikuingia. Itazame plagi yake: pembeni mwa ule ulimi bapa kuna vipini vinne vidogo, viwili juu na viwili chini. Hivyo ndivyo vinavyobeba mawimbi ya VGA. Tundu la DVI-D halina matundu yake, kwa kuwa kadi haitoi mawimbi hayo kabisa. Wako wanaovikata vipini kwa koleo ili plagi iingie. Inaingia, na picha haiji, wala haitakuja.

Kinachotakiwa ni adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ya kugeuza ndani (25,000/=). Kebo tupu yenye HDMI upande huu na VGA upande ule, isiyo na kiboksi chochote, haigeuzi kitu. Chukua yenye tundu dogo la kuongezea umeme wa USB: HDMI inalazimika kutoa miliampea 55 tu kwenye pini yake ya volti 5, na adapta nyengine zinataka zaidi, kwa hiyo huleta picha dakika mbili zikazima.

Skrini ikawekwa kwa kitufe chake kwenye VGA, si "Auto". Menyu ya BIOS ikaonekana. Prosesa imeandikwa jina lake, RAM 16 GB, joto nyuzi 41.

Kwa kazi ya kuhariri picha skrini hii haitabaki. VGA hupoteza ukali na rangi zake huwezi kuziamini unapochapisha. Imetumika kujaribia tu.

Jumamosi, 22 Februari: Kurudisha kwenye kasha na mipangilio

Bodi imerudi kwenye kasha, viguu tisa. Diski imetambuliwa.

XMP (mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake kamili) imewashwa na RAM zikaenda 3200. Kwanza ziliachwa kwenye kasi yao ya chini na kupimwa kwa programu ya MemTest86 usiku kucha, mizunguko minne ambayo toleo la bure linaruhusu, bila kosa. Kisha zikapimwa tena kwa 3200. Kwa RAM iliyokuwa na kutu, jaribio hili halikwepeki. Kosa moja la RAM linaweza kuharibu faili la picha za harusi nzima na usijue mpaka siku mwenye harusi anakuja kuzichukua.

Windows 10 ilikuwa iachwe na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo imewekwa 11. Inataka fTPM (kinga ya siri iliyomo ndani ya prosesa) iwashwe kwenye BIOS, na CSM (hali ya kuiga BIOS za zamani) izimwe ili Secure Boot, yaani ukaguzi wa mfumo wakati wa kuwasha, ifanye kazi. Hapa pana mtego wa picha kwa wenye kadi za zamani. Kadi za mwanzo wa miaka ya 2010, kama Radeon HD 5450, aghalabu hazina sehemu ya kuzungumza na UEFI (BIOS ya kisasa). Ukizima CSM ukiwa nayo, washa inayofuata ni nyeusi. Bodi nyengine huirudisha CSM zenyewe, nyengine hubaki hivyo mpaka ufute mipangilio kwa zile pini. GTX 1650 haina shida hiyo.

Mashine imewekwa juu ya meza, si sakafuni, na mbali na dirisha la upande wa upepo. Itawashwa kila siku hata pasipo kazi; joto lake lenyewe ndilo linaloikausha.

Gharama nje ya vipande: multimita 30,000/=, spika 3,000/=, betri 3,000/=, pesti 8,000/=, bando 3,000/=, flashi 12,000/=, kifutio 500/=, alkoholi 10,000/=, adapta isiyofaa 7,000/=, adapta iliyofaa 25,000/=, usafirishaji wa mizigo 20,000/=. Jumla 121,500/=. Pamoja na vipande ni 1,536,500/=. UPS ilikuwapo. Hakuna kipande kikubwa hata kimoja kilichonunuliwa mara mbili.

Yaliyobaki: skrini ya HDMI ya inchi 24, na RAM ya pili itafunguliwa Juni, masika yakiisha, kutazamwa kama madoa ya kijani yamerudi. Yakirudi, inabadilishwa, haisuguliwi tena.